Ni Mimi Niliyeipa Albamu Yako E

Simiyu, mwanangu uliyezaliwa miaka mitatu kabla yangu,

Ule ukurasa wa mtandaoni unaoitwa Sikio la Kitale ni wangu. Hakuna anayejua. Baba hajui, na hata msichana niliyelala kitanda kimoja naye shuleni, yeye juu mimi chini, kwa miaka minne, hajui. Maneno yote yale kuhusu albamu za watu niliyaandika mimi. Na ile video ya mchezo wa simu iliyoipa albamu yako E, vidole vinavyoonekana chini ya skrini ni vyangu. Uliitazama mara nyingi mbele yangu. Hukuvitambua kwa sababu nilipaka kucha rangi nyekundu siku hiyo, na wewe hujawahi kuniona nimepaka rangi.

Nimeandika sentensi hizo haraka ili nisipate nafasi ya kuzifuta.

Ni saa kumi jioni. Umeenda kinyozi, na Baba ameenda kumwona mtu wa trekta. Mambo ya blanketi, na kutotia sahihi karatasi ambayo hujaisoma, Baba ameshakuambia leo mchana, tena mara mbili, kwa hivyo sitayarudia. Naandika kwa sababu ya kesho asubuhi. Kabla hujaondoka kwenda kwenye hilo shamba la maua Naivasha, Baba atatuita uani na kusema, "Simiyu, inama, Mama yako akubariki." Nami nitatakiwa kukuwekea mkono kichwani na kusema maneno. Siwezi kuyasema kabla hujajua huo mkono umefanya nini.

Katika nyumba ya watu wengine ningekuwa mtoto wa kaka yako tu. Lakini mama yenu alikufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake, Nekesa, na wewe, kitinda mimba wake, ukaambiwa uniite Mama. Senge, shangazi yangu, anapenda kusimulia siku nilipoletwa kwa mara ya kwanza kule nyumbani Myanga nikiwa nimefungwa shali. Anasema ulinichungulia, ukamgeukia yeye, dada yako mkubwa, ukauliza, "Mbona Mama amekuwa mdogo hivi?" Watu walicheka mpaka wakatoka machozi. Tangu hapo hujawahi kuniita jina lingine. Kila Krismasi unaniletea leso kama mtu anavyomletea mzazi wake, na mimi nakuita mwanangu mbele ya wageni, nao wanadhani tunatania.

Hatutanii. Unajua nilivyo. Mgeni akiingia mimi naenda jikoni. Mwalimu akiniuliza swali ninalojua jibu lake, nalifunika jibu kwenye daftari kwa kiganja. Wewe peke yako ndiye niliyeweza kuzungumza naye hata saa tatu bila kutazama chini, na tulichozungumza kilikuwa muziki tu. Unakumbuka tulivyosikiliza pamoja ile albamu ya kijana wa Eldoret, nyimbo kumi na saba, kila moja ikianza kwa mtu kunong'ona jina la mtayarishaji? Kufikia wimbo wa sita ulikuwa unanong'ona naye kabla hajaanza. Na ile kwaya iliyopitisha sauti zote kwenye mashine hadi mama wa miaka sitini akasikika kama king'ora? Nilisema hawa watu wana sauti nzuri na wamezificha kama mtu anayeficha meno. Ulinitazama, ukasema, "Mama, hiyo andika mahali. Usiniambie mimi pekee."

Basi nikaandika. Sikio la Kitale lilianza kwa maneno yako. Ningekuambia siku ileile, lakini niliona raha kuwa na mahali ambapo hakuna anayenijua. Pale sikuwa yule msichana wa jikoni. Watu nisiowajua waliandika, "Huyu jamaa anajua," wakidhani mimi ni mwanaume. Nilipoisifu albamu, waliisifu. Nilipoicheka, walicheka zaidi yangu. Na nikagundua kwamba kucheka kunaleta watu wengi kuliko kusifu. Nakuambia hili mapema ili ujue haikuanza na wewe. Nilikuwa nimeshawafanyia wengine, watu ambao pengine nao wana mtu anayewaita Mama.

Kisha ukaja ule mchezo. Nilikuwa bora kuliko mtu yeyote hapa mtaani, wewe ulisema hivyo mwenyewe. Vidonge vya rangi vinashuka kwenye mistari minne, kila kimoja kikifika chini unakigusa, ukichelewa au ukiwahi kidogo tu yanatokea maandishi mekundu ya kusema umekosa. Mwishoni unapewa gredi kama ya shule. Nyimbo zilizo ndani yake zilinichosha, lakini unaruhusu kuweka wimbo wako mwenyewe, na mchezo wenyewe unausikiliza na kuupangia vidonge. Nikaanza kuweka kila albamu mpya. Yule kijana wa Eldoret alipata A karibu kila wimbo. Nikaamini nimepata kipimo. Nikawaambia watu kwenye ukurasa: huu mchezo hauna rafiki wala ndugu, unasikia mapigo tu.

Desemba, nikiwa nimemaliza mtihani na kurudi nyumbani, ukanipa albamu yako kabla ya mtu yeyote. Nyimbo nane, wewe na nyuzi za litungu na njuga za mguuni, na Nanjala, mwenzako wa muziki, akiimba. Ulisimama mlangoni pa jikoni kama mtoto anayesubiri kusomewa ripoti. Nikakuambia nitaisikiliza nikiwa peke yangu.

Wimbo wa tatu ni "Jina Limerudi." Huo ni wimbo wangu, nao nilikuwa naujua kabla haujamalizika. Likizo ya Aprili ulinikuta naosha sufuria huku nikiimba kiitikio, ukakirekodi kwa simu kabla sijanyamaza. Ukasema, "Hivi ndivyo kitakavyokuwa kwenye albamu. Utakuja studio Bungoma, ni watu wawili tu pale, hawatakula." Nikasema sawa. Siku ya kwenda nikasema naumwa tumbo. Ukapanga siku nyingine, nikasema nina kazi ya shule. Mara ya tatu sikutoa hata kisingizio, nilijificha kwa jirani mpaka uliposhuka barabarani. Ulikuja kutoka huko jioni na hukunilaumu hata kwa neno moja. Sasa nasikiliza, kiitikio kinafika, na ni sauti ya Nanjala.

Yeye anaimba vizuri kuliko mimi. Nililijua hilo kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Nafasi niliikataa mwenyewe mara tatu, na bado niliona kama nimeibiwa.

Niliiweka albamu kwenye mchezo. Mchezo ukaipangia vidonge kwa hatua zilezile, sawasawa kama matofali, na litungu lako halikuzifuata. Linavuta, linangoja, linakimbia kidogo. Niligusa pale wimbo ulipo, maandishi mekundu yakajaa skrini. E, gredi ya mwisho kabisa. Nikarudia, E. Mara ya tatu nikafunga macho nikagusa kwa sikio tu, na mwili wangu wote ulijua kwamba nimegusa sawa kila mahali. Nilipofungua macho, mchezo ulisema E.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, mwanangu. Watu wakija kujua watasema maskini, alidanganywa na mashine, alikuwa mtoto. Sikudanganywa. Nilijua mchezo ndio uliokosea, nikapaka kucha rangi, nikaweka simu ya pili juu ya vikombe viwili ili irekodi, nikacheza tena. Nikaandika chini yake, "Kijana wa Myanga hawezi kushika mapigo hata kwa dawa. E ya haki."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Vijana wa pikipiki pale kwenye kona wakaanza, "Niaje, E!" Uliwajibu kwa kicheko siku ya kwanza na ya pili. Yule mwenye hoteli Bungoma aliyekuwa amewaahidi mtapiga kwake Jumapili zote, alikutumia video yangu na maneno mafupi: "Bana, si hata simu imekataa." Nanjala akaacha kupokea simu zako kwa aibu. Na mimi nilikuwa naingia kwenye ukurasa kila baada ya dakika chache kuona idadi ya watu inavyopanda. Nilikuwa nikifurahi, Simiyu. Si muda wote, lakini nilifurahi.

Halafu siku ile ukaja jikoni. Nilikuwa nachambua maharagwe. Ukakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukaniuliza, "Mama, wewe unajua muziki. Huyu Sikio anasema kweli?"

Ningeweza kusema hapana tu. Haikuhitaji hata kukutazama. Niliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, nikasema, "Labda."

Ukatikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali. "Basi ni kweli," ukasema. "Wewe huwezi kunidanganya."

Nimeyasikia maneno hayo kila siku tangu siku hiyo. Video ilikufanya uchekwe na watu, lakini "labda" yangu ndiyo iliyokuondoa kwenye muziki. Wiki hiyohiyo ulianza kuulizia kazi Naivasha.

Nilianza kuona vizuri Januari, kwenye harusi kule Myanga. Ulikuwa umekataa kupiga. Senge akaja na litungu mikononi, akalishusha mapajani mwako mbele ya wageni wote. Akasema, "Hiki ni cha baba yetu ama ni cha simu? Nijibu nirudi kwa wali wangu, unaungua." Ukapiga. Hapakuwa na kipaza sauti wala kompyuta. Mimi nilikuwa nyuma karibu na masufuria, na bila kujua vidole vyangu vikaanza kucheza kwenye paja, vidonge vinashuka kichwani, gusa, gusa. Senge akaniona.

"Nekesa! Unahesabu nini hapo kwa paja? Kuku wa nani wamepotea?"

"Sihesabu kitu, Senge."

"Ati huhesabu. Na vidole vinatembea kama karani. Njoo hapa."

Akanivuta kati ya akina mama waliokuwa wakicheza kwa mabega. Nilitaka ardhi inimeze. Nikatazama chini kama kawaida yangu, na kwa sababu nilitazama chini niliona mguu wako. Njuga hazikulia kwa saa. Mama mmoja mzee alikuwa akicheza mbele yako, bega lake la kushoto linainuka polepole, na wewe ulikuwa unalingoja. Likishuka, kisigino chako kinashuka. Akichoka, wimbo unapumua. Akipata nguvu, litungu linakimbia naye. Nilisimama pale katikati ya harusi ya watu nikakumbuka "Jina Limerudi," ile sehemu ya kiitikio ambayo mchezo ulisema umechelewa. Ni pale Nanjala anapovuta hewa. Ulikuwa umemngoja avute hewa.

Na ile sauti yangu ya kuosha sufuria uliyoirekodi Aprili ukanitumia, nilienda kuisikiliza baadaye. Mimi huvuta hewa palepale. Wimbo uliupima kwa pumzi yangu, kisha nilipokukimbia ukamwomba mwingine apumue hivyohivyo.

Siku hiyo ningekuambia. Nilikufuata nyuma ya nyumba nikiwa na maneno tayari, nikakukuta unafungua nyuzi za litungu moja moja na kuzizungusha kwenye kidole. Ukasema, "Hiyo ilikuwa ya Senge. Imetosha." Nikakuletea maji ya kunywa. Hilo ndilo nililoweza, kikombe cha maji. Kesho yake niliiondoa video kwenye ukurasa bila kueleza chochote, lakini ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu, na kuondoa kimyakimya kulinisaidia mimi tu.

Sasa nataka kukupa uhakiki niliopaswa kuandika Desemba. Hautakuwa wa kukubembeleza, maana ukisikia nakubembeleza hutaniamini hata kidogo.

Wimbo wa kwanza ni mzuri lakini si wa kwanza. Ungefungua na wa pili, ule unaoanza na njuga peke yake kabla litungu halijaingia, mtu angekaa wima. Wa nne ni mrefu, ulikuwa umemaliza la kusema ukaogopa kunyamaza. Wa tano ndio mbaya kweli. Uliweka ngoma ya kompyuta ili vijana waupende, na litungu linasikika kama mtu aliyefungwa mkanda wa kiti. Wajua mchezo uliupa gredi gani huo wa tano? B. Ndio pekee uliofaulu. Hilo sikuliandika popote, nililificha. Wa saba nilikuwa nikiuruka, sasa nausikiliza ninapokamua ng'ombe na hata ng'ombe anatulia, usicheke. Na "Jina Limerudi" ni wimbo bora niliousikia mwaka mzima, kati ya albamu zote nilizozipitia, na nilizipitia nyingi mno. Naandika hivyo kama Sikio, si kama Mama. Kama Mama siwezi kuusikiliza bado mpaka mwisho.

Siku hizi albamu ya mtu naisikiliza mara tatu kabla ya kusema neno. Mara ya kwanza nikiwa na kazi ya mikono, mara ya pili nimelala chali sifanyi kitu, na mara ya tatu nikiwa na mtu mwingine chumbani, maana mtu mwingine akiwepo nasikia ninayotaka kuyaficha. Sijui kama itakusaidia kule kwenye maua. Kama kuna mtu kazini ambaye utatakiwa kusema kama ni mzuri au mbaya, jiulize kwanza amekufanyia nini wewe. Mimi sikujiuliza. Na ukiulizwa swali na mtu anayekuamini, usijibu ukitazama maharagwe.

Siwezi kukuambia usiende. Kazi ni kazi, na huenda unaitaka kwa sababu zako ambazo hazinihusu. Ninachokuomba ni kwamba usiende kwa sababu ya "labda" yangu. Kama ukifika huko ukaona hutaki tena muziki, iwe ni wewe umeukataa, ukiwa unajua kwamba albamu ilikuwa nzuri na kwamba aliyesema vinginevyo alikuwa anajua kwamba anadanganya. Litungu lipo kwa Senge. Nyuzi niliziokota siku ile, nimezifunga kwenye leso ya Krismasi, zimo kwenye begi lako chini ya sweta. Zitoe ukitaka.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, maana hukosi kupiga viatu rangi kabla ya chakula cha jioni. Utakuwa umeisoma kabla ya kesho. Baba atakaposema uiname, utakuwa unajua unamwinamia nani. Ukitaka kupita, pita. Sema gari litakuacha, mshike Baba mkono, nenda. Sitakuuliza na hakuna atakayeniona nikilia, mimi nina mazoea ya kwenda jikoni. Lakini ukiinama, nimeshayatunga maneno. Ni machache na ni ya kweli, na nitayasema kwa sauti, watu wote wakiwa wananitazama.

Jambo moja la mwisho. Jumapili nakwenda Myanga. Nitamwambia Senge, nitamtafuta Nanjala nimwambie usoni, halafu nitarudi nimwambie Baba. Baada ya hapo nitaandika kwenye ukurasa yote niliyokuandikia hapa, kuhusu kucha na vikombe na ile B, na nitaweka jina langu na uso wangu. Nimeogopa tangu nilipoamua, na bado naogopa. Ukiwaambia wewe kwanza, watanisamehe kwa ajili yako kabla sijafungua mdomo. Senge atasema, "Aa, mtoto huyu ana haya, mwacheni," na mambo yataishia hapo, nami nitakuwa nimejificha tena nyuma ya mtu, safari hii nyuma yako. Kwa hivyo nifichie siri hii siku nne tu. Hata Baba akikuuliza kesho kwa nini umenyamaza, mwambie ni baridi. Mpaka Jumapili, Simiyu, tafadhali, usimwambie mtu.

Nekesa